Uvumilivu Si Kunyamaza



Wapendwa, mahujaji wetu walipokuwa wakirudi kutoka Roma, ndege yao ilichelewa Fiumicino usiku kucha, hata wakaikosa ile ya kuunganisha safari. Wazee walilala vitini na njaa. Kiongozi wao akawatuliza: ni mapenzi ya Mungu, tusali rozari.

Twakataa. Rozari hatuna ugomvi nayo. Tunachokikemea ni kumsingizia Mungu deni la shirika la ndege. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 yaamuru abiria aliyecheleweshwa katika viwanja vya huko apewe chakula, na safari ikisogezwa hadi kesho yake, apewe malazi. Hata dhoruba haiwaondolei wajibu huo. Lakini ni nani aliyekwenda kaunta kuuliza? (Kuuliza, tumesema, si kumtukana binti wa watu aliyeko zamu.)

Mtume Paulo, alipopigwa Filipi bila hukumu kisha wakataka kumtoa kwa siri, aligoma: mahakimu waje wenyewe kumtoa (Mdo 16:37). Je, naye alikosa uvumilivu?

Miongoni mwa mahujaji wale alikuwamo mama mwenye kisukari. Usiku ule hakuhitaji mahubiri. Alihitaji sahani ya chakula, na mtu wa kumsemea.