Mtoto wa Nyumba Mbili na Kodi Isiyomwona

Dola yetu humtazama mzazi yuleyule kwa macho mawili yasiyopatana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, inapoamua matunzo ya mtoto, ipime kipato na mali za wazazi wote wawili. Kodi ya mishahara haiulizi lolote. Mwenye kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa 78,000, awe analea watoto wanne au asiwe na hata mmoja. Wazazi wakitengana, gharama huongezeka: vitanda viwili, majiko mawili, nauli za kwenda na kurudi. Makato hayabadiliki.

Naunga mkono nafuu ya kodi kwa wazazi hao, lakini kwa masharti mawili.

Kwanza, nafuu ifuate ulezi halisi. Nchini Uingereza, posho ya mtoto mmoja hulipwa mtu mmoja tu, hata kama wazazi wanagawana ulezi. Kanada hufanya vingine: wazazi wanaogawana ulezi kwa takribani nusu kwa nusu, kila mmoja hupata nusu ya posho ambayo angelipwa kama angelea peke yake. Njia hii ya pili ina haki zaidi.

Pili, nafuu isiishie kwa wenye mishahara. Tuchukue mfano wa Kibirizi, hapa Kigoma. Mvuvi wa dagaa ametengana na mkewe, ambaye ni mwalimu. Usiku wa giza mvuvi yumo ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, naye hubaki nchi kavu na watoto huhamia kwake. Ni ulezi wa pamoja uliopangwa na mwezi, wala hakuna hakimu aliyeuandika. Nafuu ya makato ya mshahara itamfikia mwalimu peke yake. Tukiugeuza mfano, baba akawa mwalimu na mama akawa mwanika dagaa, baba atapunguziwa kodi ilhali watoto wanalala kwa mama.

Kwa hiyo, asiyekatwa kodi ya mshahara alipwe fungu lake taslimu. Uzoefu wa kulipa tunao: TASAF imekuwa ikizifikishia kaya maskini ruzuku. Kasoro ni kwamba hesabu yake ni ya kaya, na mtoto wa nyumba mbili huhesabiwa katika moja. Afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuthibitisha mtoto analala wapi na kwa siku ngapi.

Hazina itajibu kwamba fedha hazitoshi na udanganyifu utazidi. Basi tuanze na wazazi ambao makubaliano yao yamesajiliwa ustawi wa jamii au mahakamani, kisha tupanue. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bunge la bajeti litakapokaa, wabunge waulizwe swali moja: mtoto huyu wa nyumba mbili, kodi yetu inamhesabu wapi?