Jani Bila ya Wazee Wake

Tuisemayo ni Bondeni ya Nakuru, si ile ya Mombasa. Ikisha kuswaliwa laasiri, vijana hukaa mabarazani na mafungu yao ya miraa na muguka, wakala mpaka usiku wa manane. Mama zao hulalamika kwamba fedha za unga zimekwenda na jani. Malalamiko hayo hayo yako Mvita na Malindi.

Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Serikali kuu ikasema amri hizo hazina nguvu, kwani muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Mmoja asema sumu, mwengine asema mali. Wenye mti hawakuulizwa.

Wameru wa Nyambene wameujua mti huu karne nyingi. Kwao aendaye kuposa hupeleka fungu la miraa lililofungwa kwa adabu. Zamani kulitafuna ilikuwa haki ya wazee, wanapokaa kusuluhisha magomvi. Jani lilikuwa na wakati wake, watu wake na kipimo chake. Kilichofika Bondeni ni jani peke yake. Desturi iliachwa mlimani.

Marufuku matupu hayakupata kufaa. Serikali ya kikoloni iliyajaribu kaskazini mwa Kenya katika miaka ya 1940, ikashindwa. Mbali nasi, huko Amerika ya Kusini, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 uliamuru kutafuna majani ya koka kukomeshwe katika miaka 25. Miaka ikapita, na wenyeji wa milima ya Andes wangali wakitafuna. Bolivia ilijitoa katika mkataba huo, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti la kuihifadhi desturi hiyo.

Lakini desturi isiwe kisingizio. Kijana wa Bondeni hasuluhishi ugomvi wala haposi. Yeye aua wakati kwa kukosa kazi. Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi katika karne ya 16, aliulizwa juu ya jani hili. Hakukata kuwa ni haramu, kwa kuwa habari alizoletewa ziligongana. Lakini alinasihi mtu ajiepushe nalo.

Basi sheria na irudishe kile alichokuwa nacho mzee wa Nyambene: kipimo. Asiuziwe mtoto. Kibanda kisikae mlangoni pa chuo wala pa skuli. Baraza lijue saa ya kuvunjika. Na watakapokaa watungaji sheria, waitwe wakulima wa Meru na Mbeere, masheikh, na mama wa Bondeni ambaye chungu chake hakikuinjikwa. Penye wazee haliharibiki neno.