Sumaku za Mitandio

Akina mama na dada zetu wa Bagamoyo siku hizi huziacha pini, wakafunga mitandio kwa sumaku ndogo, mbili mbili, zinazoshikana juu na chini ya kitambaa. Shifoni haitoboki, nalo ni jambo jema. Anayenunua azijaribu kwa mtandio wake mwenyewe, kwani inayoshika shifoni huteleza kwenye kitambaa kizito. Atazame na ganda: likichubuka, hewa yetu ya bahari huila sumaku, ikaacha doa la kutu.

Lakini usiku, mtandio ukishavuliwa, sumaku huwekwa wapi? Tunauliza kwa ajili ya watoto. Mtoto akimeza mbili, hutafutana tumboni, zikaubana utumbo baina yao hata ukatoboka. Na dalili za mwanzo huweza kuwa kutapika na maumivu ya tumbo tu, kama aliyekula kibaya. Asitapishwe, wala isingojwe haja kubwa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na daktari aambiwe wazi kuwa ni sumaku. Nyumbani zikae katika kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, na zihesabiwe kila zinaporudishwa.