DARASA LA BUSTANI: Chakula cha Nyuki ni Deni



Wasomaji wetu wapenzi, dada mmoja, ambaye yeye na mumewe wameanza kufuga nyuki katika kishamba walichokodi kwa halmashauri hapa Uingereza, ametuuliza: "Mwalimu, vyombo vya kulishia nyuki ni vingi dukani. Tununue kipi?" Tumeona vyema tumjibu hapa, ili na wengine wafaidike.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo nyuki halishwi. Mrina asali wa Tabora hutundika mzinga wake wa gogo mtini, na nyuki wakiona njaa huhama, wakayafuata maua. Huku mambo ni mengine. Majira ya baridi yanapoingia, nyuki hujikusanya kama mpira ndani ya mzinga, wakila asali ili wapate joto, na hawana pa kuhamia. Kundi moja huhitaji akiba ya kilo 18 hadi 20 kulifikisha majira ya kuchipua. Basi sisi tunaporina mwezi wa Agosti, tumechukua masurufu ya safari yao. Kuwarudishia si hisani, ni deni.

Tunasema haya kwa kuwa tulikwisha kosa. Mwaka wetu wa kwanza tulirina kwa pupa, kisha tukaanza kuwalisha mwishoni mwa Oktoba, kwa kichupa cha mlangoni. Baridi ilikuwa imekwisha ingia, na sehemu kubwa ya chakula ilibaki chupani. Mwezi wa Machi tulipofungua mzinga pamoja na wajukuu, tuliwakuta nyuki wamekufa, vichwa vyao vimezama ndani ya vitundu vitupu vya sega. Fremu ya pembeni ilikuwa bado na asali kidogo, lakini katika baridi kali nyuki hawawezi kuliacha joto la wenzao wakaifuate. Wajukuu walituuliza sababu, nasi tulikiri kwamba kosa ni letu.

Chakula chenyewe ni shira, kama ile tunayotilia kaimati, ila hii haina iliki wala zafarani. Mwezi wa Septemba hupikwa nzito: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji. Majira ya kuchipua, kundi likiwa na upungufu, huwa nyepesi: kilo 1 kwa lita 1. Chemsha maji, epua, ndipo utie sukari na kukoroga hadi iyeyuke. Sukari iliyoungua huwadhuru. Tumia sukari nyeupe tu. Sukari guru na sukari ya rangi huwaharisha nyuki wakati hawawezi kutoka nje. Wala usiwape asali ya dukani, kwani yaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuozesha majana, navyo hudumu miaka mingi.

Sasa tuje kwenye vyombo.

Cha kwanza ni bakuli la duara lenye mnara katikati na kikombe juu yake. Huwekwa juu ya tundu la ubao unaofunika fremu. Nyuki hupanda ndani ya mnara na kunywa chini ya kikombe bila ya kuzama. Huchukua kama lita 2, na hujazwa bila ya kufungua mzinga. Kwa anayeanza, hiki ndicho tunachokisifu.

Cha pili ni sinia la mbao lenye upana sawa na mzinga. Hubeba lita nyingi kwa mara moja, nacho humfaa mwenye kishamba kilicho mbali. Hakikisha halivuji.

Cha tatu ni ndoo ndogo ambayo kifuniko chake kina wavu mwembamba. Ijaze, igeuze juu ya chombo kingine hadi iache kudondoka, ndipo uiweke juu ya tundu. Nyuki hunyonya polepole, nayo hulifaa kundi dogo majira ya kuchipua.

Cha nne hukaa ndani, mahali pa fremu moja. Kiko karibu na nyuki, lakini kukijaza ni lazima mzinga ufunguliwe, na usipotia kipande cha mbao cha kuelea, nyuki watazama.

Cha tano ni kile kichupa cha mlangoni kilichotuponza. Bei yake ni nafuu, lakini harufu yake huwaita nyigu na nyuki wa mizinga mingine, wakaja kupora. Na usiku ukiwa baridi, nyuki hawakifikii.

Chombo chochote utakachochagua, lisha jioni, nyuki wanapokuwa wametulia. Usimwage hata tone nje. Punguza mlango wa mzinga ili walinzi waumudu. Ikiwa una mizinga miwili, ilishe yote siku moja. Na umalize kabla ya Septemba kwisha, kwa sababu nyuki hawana budi kuikausha shira na kuifunika kwa nta kungali na joto.

Utajuaje kiasi cha kuwapa? Tumia mizani ile ile ya kutundika tunayopimia masanduku ya safari ya nyumbani. Uinue kidogo mzinga upande mmoja, kisha wa pili, ujumlishe. Halafu utoe uzito wa mzinga mtupu, ambao uliupima na kuuandika mapema, na kilo kama 2 za nyuki wenyewe. Kilo 1 ya sukari huzaa akiba ya kilo 1 na robo. Kwa hiyo aliyepungukiwa na kilo 10 atahitaji kilo 8 za sukari na lita 4 za maji. Naye atalijaza bakuli lake mara nne au tano.

Baridi ikiwa kali na mzinga umekuwa mwepesi, usiwape shira. Wape fondanti, yaani ile sukari laini nyeupe wanayoitumia waokaji wa keki. Ifunge kwa plastiki, toboa upande wa chini, uilaze juu ya fremu, pale pale nyuki walipokusanyika. Lau tungalifanya hivyo Januari ile, pengine wangalipona.

Limebaki jambo la amana. Usilishe kamwe wakati sanduku la asali liko juu ya mzinga. Nyuki hawajui lipi ni la kula wao na lipi ni la kuuza. Wataipandisha shira humo, nawe utajaza chupa sukari na kuiita asali. Sote twajua yaliyoelezwa katika Surat An-Nahl, kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu. Anayenunua chupa yako huinunua kwa imani hiyo, pengine kwa ajili ya mgonjwa wake.

Basi dada yetu, nunua bakuli la duara, na mizani kama hunayo. Uanze mapema.

Wabillahi tawfiq.