Maneno na Maana Yake: Kujifunga Kibwebwe

Waingereza wana msemo ambao ukigeuzwa neno kwa neno husema, "Fulani anakusudia biashara." Karani wa Milimani, Nakuru, akiufasiri hivyo atatafuta duka asilione. Maana yake ni kwamba mtu huyo hafanyi mchezo: amekata shauri, na asemalo atalitenda. Sisi husema amejifunga kibwebwe.

Mfano wake ulionekana Nakuru kwenyewe. Mwezi Agosti 1963 Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikutana huko na walowezi mia kadhaa. Walihofia mashamba yao, kwani mbele yao alisimama mtu aliyewekwa kifungoni na Serikali ya kikoloni tangu 1952 hadi 1961. Naye akawaambia kwamba pande zote zisameheane, na kwamba atakaye kulima abaki alime. Mwisho wakaitikia pamoja naye, "Harambee!"

Lakini kusema si kutenda. Walioshuku waliweza kutazama Serikali yake: Waziri wa Kilimo alikuwa Bruce McKenzie, naye mlowezi.

Basi, msomaji, kibwebwe hakifungwi mdomoni, hufungwa kiunoni. Ahadi ni deni.