Katazo lenye tarehe ya mwisho ni zawadi kwa wachuuzi wa bunduki

Tarehe 13 Septemba 1994, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria ya kukataza kutengeneza na kuuzia raia bunduki nyingi mpya za mtindo wa kivita, pamoja na magazini mpya zenye kubeba zaidi ya risasi 10. Lakini sheria hiyo ilizaliwa na vilema viwili. Bunduki zilizokuwa tayari mikononi mwa watu ziliruhusiwa kubaki na kuuzwa. Tena, sheria yenyewe ilipewa miaka 10 tu ya kuishi.

Hapo wachuuzi wakapata kalenda. Chuma kilekile kikapewa jina jipya, "ya kabla ya katazo", na jina hilo likapandisha bei. Viwanda navyo viliondoa sehemu ya kufungia singe na kifaa cha kuficha mwako wa risasi, vikaendelea kuuza bunduki zinazoua vilevile.

Tarehe 13 Septemba 2004 sheria ikafa. Mpya zikarudi dukani, na katika majimbo mengi waliolipa bei ya juu wakabaki na jina tupu. Lakini jimbo la Massachusetts lilikuwa limeandika tarehe ileile ya 1994 katika sheria yake, na huko jina likaendelea kuzaa pesa. Kumbe mkusanyaji hakununua chuma, alinunua tarehe.

Wako wanaosema katazo nusu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Waangalie sheria nyingine ya Marekani, ya 1986, iliyofunga mlango kwa bunduki mpya za rashasha kwa raia na kuacha za zamani zilizoandikishwa. Hiyo haina mwisho, na leo moja inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Kwa familia zilizohama makwao Kivu, jambo hili si hadithi ya mbali. Mwaka uleule wa 1994, silaha za jeshi lililoshindwa Rwanda zilivuka mpaka pamoja na wakimbizi, na raia wangali wanalipa. Wanaozungumza leo juu ya kupokonya silaha wasiandike msamaha kwa bunduki za zamani, wala tarehe ya kumaliza kazi. Bunduki iliyosamehewa haizeeki. Inangoja bei, na mama aliye chini ya hema ndiye anayelipa.