Mipaka ya shule Tunduma ihesabu na malori
Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu wasiofika laki moja. Ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Mji ukikua hivyo shule mpya hazikwepeki, na kila inapofunguliwa moja, mitaa hugawanywa upya: hawa wabaki, wale wahame.

Kwa mama anayevuka alfajiri kwenda Nakonde kufuata mzigo, mgawo huo unaweza kumaanisha mtoto wa darasa la kwanza kukatiza peke yake barabara kuu iendayo Zambia, katikati ya foleni ya malori. Shule iwe karibu kiasi gani, njia hiyo haifai.

Halmashauri ianze na barabara, ndipo ihesabu madawati. Ndugu wasitenganishwe, mkubwa ndiye humshika mdogo mkono, mzazi akiwa mpakani. Mikutano ya mitaa nayo iitwe jioni. Ya saa nne asubuhi, mfanyabiashara yuko forodhani, ataisikia kwa jirani. Uandikishaji huanza Oktoba, hivyo orodha ya mitaa na shule zake ibandikwe mapema, hata sokoni, isiishie ofisi ya kata.